Kadi ya Ishirini na Mbili

Usiku ule wa Novemba tulikuwa wanne,
nyuma ya duka la mbegu la Etcheverry,
na taa ikikonyeza kama mtu mwenye siri.
Nélida Zunino, katibu wa ligi, alikuwa na miwani mbili:
moja ya kusomea,
nyingine ya kutoamini.

Timu tisa, mechi kumi na sita kila moja,
na kileleni mapacha wamekataa kuachana:
Reli, vijana wa stesheni isiyoona treni
tangu baba yangu akiwa hai,
na Sufu, wa kiwandani, wanaonuka kondoo hata wakioga mara tatu.
Pointi thelathini na tano.
Thelathini na tano.

"Tofauti ya mabao," akasema Nélida.
Kumi na tano. Kumi na tano.
"Mabao ya kufunga."
Ishirini na tisa. Akafuta, akajumlisha upya. Ishirini na tisa.
Tukacheka, kicheko cha watu waliosikia nyayo darini.
"Wao kwa wao?"
Moja kwa moja katika matope ya Mei,
moja kwa moja katika upepo wa Oktoba.

Etcheverry akatoa sarafu.
Nélida akamtazama mpaka sarafu ikarudi mfukoni yenyewe.
"Kabla ya sarafu kuna kifungu cha tisa. Nidhamu.
Njano moja, nyekundu tatu. Mwenye chache ndiye bingwa."

Hapo wakanigeukia mimi,
mfamasia siku sita, mwamuzi siku ya saba.
Ripoti zikamwagwa mezani, nyingi zina mwandiko wangu,
mwandiko ambao mji mzima huniomba niusome mwenyewe.
Reli: ishirini na moja.
Sufu tukahesabu polepole, kama wanaoshuka ngazi gizani,
na ile ya mwisho niliijua kabla karatasi haijafunuliwa.

Aprili. Dakika ya themanini na nane.
Sufu wanaongoza tatu bila, watu wameanza kukunja viti.
Wilmar Olivera, beki wa kushoto,
ambaye hata mazoezini hajawahi kufunga,
anaupiga mpira kwa ugoko, kwa bahati, kwa kufumba macho,
nao unaingia.
Anavua jezi. Anakimbia mpaka kwenye uzio wa ng'ombe.
Fulana ya ndani imeandikwa kwa rangi ya viatu:
MAITE, KILO TATU NA ROBO.
Amezaliwa alfajiri ileile.

Sheria haina kifungu cha furaha.
Niliinua kadi, naye akanikumbatia,
akaniachia rangi nyeusi kifuani.

Sasa fikirini nanyi:
bila bao lile Sufu wangebaki na ishirini na nane,
na hesabu ingeisha mapema, tukalale.
Mguu uliowapandisha na mkono uliovua jezi
ni vya mtu mmoja, katika pumzi moja.

"Una uhakika na hii?" Nélida akauliza,
akivua miwani zote mbili.
Ningeweza kusema wino ulivuja.
Ningeweza kusema jua lilinipiga machoni.
Nje, mtaa wa stesheni ulikuwa umeshikilia fataki.
Nikasema: nina uhakika.

Miaka kumi na tisa imepita.
Jana aliingia dukani binti mrefu mwenye tope sokoni,
beki wa kushoto, timu ya wanawake ya Sufu,
anataka peremende za kikohozi za baba yake.
"Ile fulana tumeiwekea fremu," akasema.
"Baba huwaambia wageni: huyu ndiye aliyetunyima kombe.
Halafu analia, halafu anaomba chumvi."

Sikumjibu.
Nilihesabu peremende juu ya kaunta,
ishirini, ishirini na moja, ndivyo alivyolipia,
nikaongeza moja,
na hiyo sikuiandika popote.